Wörgl haikuchapa pesa ovyo: tuujue mpango wake kabla ya kuusifu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nisahihishe jambo moja ambalo limerudiwa mno. Kila pesa zinapoadimika mifukoni mwa watu, hutokea mtu akautaja mji mdogo wa Wörgl, huko Austria, na kusema: mwaka 1932 meya wake alichapa pesa zake mwenyewe, kazi zikapatikana, kisha benki kuu ikaona wivu na kuupiga marufuku mpango huo. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kile hasa kilichoufanya mpango uende huwa kimeachwa nje, na aliyeyasikia hivyo akijaribu kuiga ataumiza watu.

Kwanza mahali penyewe. Wörgl iko katika jimbo la Tirol, kwenye bonde la mto Inn, kati ya Kufstein na Innsbruck. Hapo ndipo reli inayopita bondeni inapokutana na ile inayotoka Salzburg kupitia bonde la Brixental, iliyofunguliwa mwaka 1875. Kilichokuwa kijiji kikakua kwa sababu ya makutano hayo. Mwaka 1911 kikapata hadhi ya mji wa soko, na mwaka 1951 kikawa mji kamili. Wakati wa mambo tunayoyazungumza kulikuwa na wakazi zaidi kidogo ya 4,000: wafanyakazi wa reli, vibarua wa kiwanda cha massa ya karatasi (rojo la mbao la kutengenezea karatasi) na wa kiwanda cha saruji kilichokuwa Kirchbichl, kijiji jirani, wakulima wa ng'ombe wa maziwa, wenye maduka na mafundi.

Mdororo wa uchumi uliwapiga kwa mpigo mmoja. Mwezi Mei 1931 ilianguka Credit-Anstalt, benki kubwa kuliko zote nchini Austria. Viwanda vikapunguza watu hadi karibu vyote kusimama, na reli nayo ikapunguza. Katika mji wenyewe watu kati ya 350 na 400 hawakuwa na kazi, na ukihesabu vijiji vya jirani walifika kama 1,500. Walio wabaya zaidi kihali ni wale ambao muda wao wa kulipwa posho ya serikali ulikuwa umekwisha. Hao walibaki mikononi mwa halmashauri ya mji, na halmashauri yenyewe haikuwa na kitu. Ilikuwa na deni la takriban shilingi milioni 1.3, sehemu kubwa kwa benki ya akiba ya Innsbruck. Kodi ambazo wakazi hawakuzilipa zilikuwa shilingi 21,000 mwaka 1926. Kufikia mwaka 1931 malimbikizo hayo yalikuwa shilingi 118,000. (Shilingi hapa ni sarafu ya Austria ya wakati ule, iliyogawanywa katika groschen 100.)

Takwimu hiyo ya malimbikizo naomba msomaji aishike, maana ndiyo ufunguo wa habari yote. Watu wa Wörgl hawakukataa kulipa kodi. Mwenye duka hakulipa kwa kuwa hakuuza, na hakuuza kwa kuwa fundi hakununua. Fundi hakununua kwa kuwa hakuna aliyempa kazi, wala halmashauri iliyokuwa na barabara mbovu za kutengeneza haikuweza kumpa, kwa kuwa haikulipwa kodi. Deni lilikuwa limefunga duara. Mikono ya kufanya kazi ilikuwepo, mawe, mbao na saruji vilikuwepo, na barabara zilihitaji kutengenezwa. Kilichokosekana ni kitu cha kupitisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Meya Michael Unterguggenberger alizaliwa mwaka 1884 huko Hopfgarten, bonde la Brixental. Alikuwa fundi wa reli na mwanachama wa chama cha kijamaa, akashika umeya mwishoni mwa 1931. Alikuwa amesoma maandishi ya Silvio Gesell, mfanyabiashara Mjerumani aliyewahi kuishi Argentina, ambaye hoja yake kuu ilikuwa hii: bidhaa zote huoza, huchakaa au hupata kutu, lakini pesa haziozi. Kwa hiyo mwenye pesa anaweza kusubiri, mwenye bidhaa hawezi. Gesell akapendekeza pesa nazo zipewe gharama ya kukaa, ili anayezificha apoteze kidogo kidogo.

Meya hakuwa wa kwanza kulijaribu hilo. Huko Bavaria, Ujerumani, mwenye mgodi mmoja wa makaa kule Schwanenkirchen alikuwa amelipa wafanyakazi wake kwa noti za namna hiyo zilizoitwa Wära, hadi serikali ya Ujerumani ilipozizuia mwaka 1931. Kwa hiyo Wörgl walianza wakijua kwamba marufuku inawezekana. Ndiyo maana hawakuziita pesa. Waliziita vyeti vya uthibitisho wa kazi. Kabla ya kuchapa, meya aliwazungukia wenye maduka na madiwani wa vyama vingine kupata ridhaa yao, na Julai 1932 mpango ukapitishwa kama mradi wa msaada wa dharura chini ya kamati ya ustawi ya mji.

Sasa tuje kwenye cheti chenyewe. Vilikuwa vya aina tatu: cha shilingi 1, cha shilingi 5 na cha shilingi 10. Vilichapwa vya thamani ya shilingi 32,000, lakini kuchapwa si kutolewa. Vilivyowahi kutolewa ni karibu shilingi 12,000 tu, na vilivyokuwa mikononi mwa watu kwa wakati mmoja vilikuwa kwa wastani shilingi kama 5,500. Ukigawa kwa wakazi, hazifiki shilingi mbili kwa kila mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea kila habari hii inaposimuliwa: watu husikia 32,000 wakadhani mji ulifurika noti.

Kwenye cheti kulikuwa na vijisanduku, kimoja kwa kila mwezi. Mwisho wa mwezi, yule aliyekuwa nacho mkononi alipaswa kununua stempu katika ofisi ya mji na kuibandika, vinginevyo cheti hakikuwa na thamani yake kamili. Stempu ilikuwa asilimia 1 ya thamani ya cheti: groschen 1 kwa cheti cha shilingi 1, groschen 5 kwa cha shilingi 5, groschen 10 kwa cha shilingi 10. Aliyekifungia sandukuni cheti cha shilingi 10 kwa mwaka mzima angelipa shilingi 1 na groschen 20 kukifufua. Mwisho wa mwaka, cheti kilichojaa stempu kilibadilishwa kwa kipya. Kilikuwa pia na maandishi yaliyoeleza kwamba pesa zinazozunguka polepole ndizo zilizouleta umaskini, na kauli iliyojulikana sana: kinapunguza dhiki, kinaleta kazi na mkate.

Nyuma ya cheti kulikuwa na jambo ambalo wasifiaji wengi huliruka. Halmashauri haikujichapia ikajilipia. Ilivinunua vyeti kutoka kwa kamati ya ustawi kwa shilingi halisi, thamani kwa thamani, na shilingi hizo zikawekwa amana katika benki ya ushirika ya Raiffeisen ya pale pale mjini. Benki nayo ilizikopesha kwa wafanyabiashara wa jumla waliokuwa wa kuaminika, kwa riba ya asilimia 6, na riba hiyo ikaingia katika mfuko wa mji. Aliyechoka na vyeti, au aliyehitaji shilingi za kununulia bidhaa nje ya mji, alivipeleka akapewa shilingi, akikatwa asilimia 2.

Huo ukato wa asilimia 2 ulipimwa vizuri kuliko inavyoonekana. Ungekuwa sifuri, kila mtu angekimbilia benki siku ya mwisho wa mwezi kukwepa stempu, na vyeti vingelala. Ungekuwa asilimia 10, mwenye duka anayeagiza nguo au kahawa kutoka nje angekataa vyeti tangu siku ya kwanza, kwa kuwa faida yake yote ingeishia kwenye ukato. Kwa asilimia 2, kutoka kwenye mpango kuligharimu sawa na stempu za miezi miwili. Kwa hiyo aliyeweza kukitumia cheti ndani ya mji katika muda huo alikuwa na sababu ya kukitumia, na asiyeweza hakuumizwa sana.

Vyeti viliingiaje kwa watu? Kwa mishahara. Tarehe 31 Julai 1932 mji ulilipa kwa mara ya kwanza. Vibarua wa kazi za barabara walilipwa kwa vyeti. Watumishi wa halmashauri, meya akiwemo, walipewa nusu ya mshahara kwa vyeti na nusu kwa shilingi, na baadaye sehemu ya vyeti ikapanda hadi asilimia 75. Kibarua akaenda dukani, mwenye duka akaenda kwa muuza maziwa au fundi, na mmoja wao akafika kwenye dirisha la kodi.

Dirisha hilo ndilo moyo wa mpango mzima. Halmashauri ilivipokea vyeti kwa thamani yake kamili kulipia kodi, ushuru na malimbikizo. Fikiria mwenye duka aliyedaiwa kodi ya miaka miwili, na tarehe 29 ya mwezi ana vyeti vya shilingi 60 kwenye droo. Akivishika siku mbili zaidi atanunua stempu za groschen 60. Akivipeleka benki atakatwa shilingi 1 na groschen 20. Akivipeleka kwenye dirisha la kodi hakatwi chochote na deni lake linapungua shilingi 60. Ataenda wapi? Husimuliwa kwamba siku ya tatu tu baada ya malipo ya kwanza, ofisi ilidhani kuna vyeti bandia: walikuwa wametoa vya shilingi 1,000, na tayari walikuwa wamepokea kodi za shilingi 5,100. Havikuwa bandia. Ni vyeti vile vile vilivyokuwa vimepokelewa, vikalipwa tena na kurudi tena.

Nawaomba wanaopenda hesabu wafanye hii wenyewe. Kazi za umma zilizofanyika kwa mpango huo katika muda wa miezi 13 na nusu hutajwa kuwa za thamani ya shilingi 100,000 hivi. Gawa kwa 5,500 zilizokuwa zikizunguka, unapata mara 18. Maana yake, kama kazi hizo zote zililipwa kwa vyeti, kila cheti kilitoka ofisini na kurudi kila baada ya wiki tatu na siku chache. Wapo wanaoandika kwamba kila cheti kilipita mikononi mwa watu zaidi ya mara 400 katika muda huo. Hayo ni makadirio, kwa kuwa hakuna aliyesimama kwenye kila kaunta akihesabu. Safari za kupitia dirisha la kodi ndizo zinazohesabika, na zenyewe zinatosha kueleza barabara zilizojengwa.

Sasa angalia stempu ziliingiza kiasi gani. Asilimia 1 ya 5,500 ni shilingi 55 kwa mwezi. Ni kidogo mno kujenga chochote; zilisaidia mfuko wa maskini, basi. Anayesema mji ulijengwa kwa stempu hajaketi na kalamu. Stempu ilikuwa fimbo ya kuvisukuma vyeti. Kilichojenga ni kodi ya zamani iliyolipwa, ikatumika, ikalipwa tena.

Na vilijengwa vitu vinavyoonekana. Barabara za mjini zilitengenezwa na kuwekewa lami na mifereji, taa za barabarani zikaongezwa, daraja la zege likajengwa Müllnertal, na jukwaa la kurukia ski likasimamishwa. Uteuzi wa kazi hizo una akili yake. Ni kazi zinazokula mikono mingi na vifaa vinavyopatikana karibu: kokoto, mbao, mawe, saruji ya jirani. Zingekuwa kazi za kuagiza mitambo kutoka mbali, shilingi halisi zingetoka nje ya bonde wiki ya kwanza na vyeti vingebaki yatima.

Juu ya ajira, huwa inatajwa kwamba wasio na kazi mjini walipungua kwa kama robo, wakati nchini kwa jumla walizidi kuongezeka. Hiyo ni nafuu kubwa kwa familia zilizohusika, lakini ni robo. Ukosefu wa kazi haukuisha. Kiwanda cha massa ya karatasi hakikufunguka kwa sababu ya vyeti, kwa kuwa wateja wake walikuwa mbali na vyeti havikuwafikia. Mpango wa mji mmoja unaweza kuwasha kile kinachouzwa na kununuliwa ndani ya mji. Zaidi ya hapo hauna mkono.

Ugumu ulijitokeza pia, na ni haki usemwe. Posta na reli, zikiwa za serikali kuu, hazikuvipokea vyeti, na katika mji unaoishi kwa reli hilo si dogo. Wenye maduka ya bidhaa za nje walirundikiwa vyeti haraka kuliko muuza maziwa au mwenye bucha, kwa hiyo wao ndio waliolipa zaidi ule ukato wa asilimia 2. Mwanzoni wapo waliosita kuvipokea, wakaacha kusita walipoona wateja wanahamia mlango wa pili. Rosa, mkewe meya, alikuwa na duka la nguo, na kupokea kwake vyeti kuliwapa wengine ujasiri. Halafu kulikuwa na wakusanyaji wa noti. Habari zilipoenea, wageni walikuja wakavichukua vyeti kama kumbukumbu. Vyeti hivyo havikuzunguka tena, ingawa kwa mji haikuwa hasara, maana shilingi zilizovidhamini zilibaki benki.

Upo pia ukomo ambao miezi 13 haikutosha kuuonyesha. Watu walipomaliza malimbikizo walianza kulipa kodi za mwaka unaofuata kabla ya wakati, ili tu kukwepa stempu. Wasifiaji huleta jambo hilo kama uthibitisho wa mafanikio. Mimi naliona kama taa ya onyo. Kodi iliyolipwa leo kwa ajili ya mwakani haitalipwa tena mwakani. Siku malimbikizo yanapokwisha na za mbele zimeshalipwa, dirisha linapungua njaa, na cheti kinapoteza mahali pake pa kwenda bila kukatwa. Wörgl ilizuiwa kabla ya kulifikia tatizo hilo, kwa hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi kwamba tatizo halipo.

Kuna hoja nyingine ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo ni hali ya bei. Mwaka 1932 bei zilikuwa zikishuka. Aliyeficha shilingi chini ya godoro alipata faida kwa kulala tu, kwa kuwa baada ya miezi sita shilingi ile ile ilinunua zaidi. Stempu ya asilimia 1 kwa mwezi iliifuta faida hiyo ya kuficha. Mahali ambapo bei zinapanda, pesa tayari zinakimbia zenyewe. Kila mtu anataka kuziondoa mkononi kabla hazijapungua nguvu. Kuwabandikia watu stempu katika hali hiyo ni kumpiga fimbo farasi anayekimbia. Kwa hiyo yeyote anayeutaja mji wa Wörgl kama dawa ya ugumu wa maisha unaotokana na bei kupanda, anachukua dawa ya ugonjwa mmoja na kumnywesha mwenye ugonjwa wa kinyume chake.

Sasa kuhusu marufuku. Januari 1933 kijiji cha Kirchbichl kilianza mpango kama huo, na majirani wengine wakawa wanajiandaa. Mwezi Juni mwaka huo Unterguggenberger alizungumza mjini Vienna mbele ya wawakilishi wa miji na vijiji kama 170 waliotaka kujua namna ya kuanza. Nje ya nchi nako Irving Fisher, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa akipigania noti za stempu kwa ajili ya miji ya kwao. Benki Kuu ya Austria haikuwa na haja ya wivu ili kushtuka. Kifungu cha 122 cha sheria yake kiliipa peke yake haki ya kutoa noti. Na kumbukumbu ilikuwa bado mbichi: miaka kumi tu nyuma, taji, sarafu ya zamani, ilikuwa imeanguka hadi shilingi mpya ilipoanza mwaka 1925 kwa kubadilishwa na taji 10,000. Watu waliokuwa wamepoteza akiba za maisha yao walikuwa bado hai. Benki iliyoundwa kuzuia hilo lisirudi isingekaa kimya ikitazama vijiji 170 vikichapa karatasi, hata kama kijiji cha kwanza kilikuwa kimeweka dhamana kamili. Nani angekagua dhamana ya cha mia moja na sabini?

Nasema hivyo si kwa kuitetea marufuku. Kwa maoni yangu ilikuwa amri ya haraka mno. Serikali ingeweza kuuacha mji mmoja uendelee chini ya ukaguzi, ikajifunza kitu katika miaka ambayo haikuwa na mpango mwingine wowote wa maana kwa wasio na kazi. Lakini kuisimulia kama hadithi ya watu wema na benki mbaya kunatuzuia kuona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hofu ya kweli.

Amri ya kwanza ya kusimamisha ilitoka kwa mamlaka ya wilaya ya Kufstein mwanzoni mwa 1933. Mji ukakata rufaa kwa serikali ya jimbo, ukashindwa, kisha ukaenda Mahakama ya Utawala huko Vienna. Vyeti viliondolewa tarehe 15 Septemba 1933, na Novemba mahakama ikakataa rufaa. Baada ya mapigano ya Februari 1934 chama cha kijamaa kilipigwa marufuku nchini, na Unterguggenberger akapoteza umeya. Alifariki Desemba 1936.

Kwa hiyo, Mhariri, mtu akileta tena pendekezo la kuiga Wörgl, yako mambo ya kumuuliza kabla ya kumpigia makofi. Dhamana iko wapi, ya kiasi gani, na nani ana ufunguo? Nani analazimika kuvipokea vyeti kwa thamani kamili, na je, huyo ana madeni ya kukusanya yanayotosha kuvirudisha kila mwezi? Vifaa vya kazi inayokusudiwa vinapatikana umbali gani? Bei zinashuka au zinapanda? Na sheria ya benki kuu inasemaje, maana wale wa Wörgl walijua kifungu kinachowakabili na bado jina la "cheti cha kazi" halikuwaokoa. Asiye na jibu la swali la dirisha la kodi hana mpango wa Wörgl. Ana karatasi tu.

Nina ombi moja kwa gazeti lako. Mtakapoandika tena juu ya mji huu, msiishie kwenye picha ya cheti na stempu zake. Wekeni na hesabu ya amana pembeni. Mwezi ule wa Septemba 1933 vyeti vilipofutwa, mwenye duka na kibarua hawakubaki na karatasi zilizokufa mikononi: shilingi zao zilikuwa benki, na vyeti vilibadilishwa. Vilivyobaki nje ni vile walivyokuwa wamevificha wakusanyaji, na leo vinauzwa kwa bei kubwa kuliko ile iliyochapwa juu yake.

Msomaji wako,
Mfuatiliaji wa historia ya fedha